Muziki wa Ireland ni wa Kiairishi kwa kipi, ikiwa unaimbwa kwa Kiingereza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, natengeneza biti na kuimba kidogo. Mama yangu ni mpenzi wa Westlife tangu enzi za kanda, kwa hiyo Ireland si nchi ngeni nyumbani kwetu. Juzi nimetazama video ya vijana watatu wa huko, wanajiita Kneecap, wakirapu kwa lugha ambayo sikuambulia hata neno, na ukumbi mzima unaitikia. Nilidhani Waairishi ni watu wa Kiingereza tu. Sasa kama wameimba Kiingereza miaka yote hiyo, muziki wao ni wa Kiairishi kwa kipi? Na kwa nini leo wanairudia lugha ambayo wengi wao hawaijui? Nina sababu ya kuuliza: bibi yangu anaongea Kibondei. Mimi nasikia, ila kujibu nashindwa.

Marahaba, kijana wangu. Ngoja nianzie kwenye kanda za mama.

Mwombe mama anisamehe, lakini kwa Westlife Ireland imo kwenye pasipoti kuliko kwenye sauti. Watatu kati ya wale watano walitoka Sligo, mji mdogo wa upande wa magharibi, na wawili Dublin. Nyimbo zao nyingi zilizovuma zilitungwa na Waingereza na Waswidi. "My Love" ya mwaka 2000 ni kazi ya Waswidi watupu. Funga macho uisikilize, hutajua kama waimbaji wametoka Sligo au Stockholm. Wimbo mmoja tu ningekuomba uurudie: "You Raise Me Up", waliourekodi mwaka 2005 na ambao nimeusikia makanisani na misibani hadi nimeacha kuhesabu. Lahani yake ni ya Mnorwei, Rolf Løvland. Maneno ni ya Mwairishi, Brendan Graham. Na watu wengi wakiisikia lahani ile hukumbushwa nyingine ya zamani zaidi, ile ya "Danny Boy".

Hiyo "Danny Boy" ndiyo ninayotaka tuikalie kidogo, maana jibu lako limo ndani yake. Lahani yake iliandikwa na mwanamke mmoja wa mji wa Limavady, kaskazini mwa kisiwa, jina lake Jane Ross, akampa mkusanyaji George Petrie, naye akaichapa mwaka 1855. Ilichapwa lahani tupu. Haikuwa na maneno, wala jina la aliyeipiga, wala habari ya ilikuwa ikiimbwa wapi na kwa nini. Zaidi ya miaka hamsini baadaye mwanasheria Mwingereza, Fred Weatherly, ambaye tangu 1910 alikuwa na shairi lake mkononi likitafuta muziki, akaipata lahani hiyo na kulivalisha. Wimbo ukatoka mwaka 1913. Leo Mwairishi akiwa mbali na kwao, New York au Sydney, huo ndio wimbo unaomliza: lahani ya kwao, maneno ya Mwingereza, na kama yalikuwepo maneno ya mwanzo, hakuna ayajuaye.

Huo si mkasa wa wimbo mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya muziki wa nchi ile. Lahani ilivuka, maneno yakaachwa ng'ambo ya pili.

Kiairishi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, hakina udugu wa karibu na Kiingereza. Ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kigaeli cha Scotland na binamu wa mbali wa Kiwelsh. Vijana wale hawakuwa wakiongea Kiingereza kilichopinda, kama ulivyodhani labda. Ni lugha nyingine kabisa: kitenzi hutangulia sentensi, na hakuna hata kitenzi cha "kumiliki", mtu husema kitu "kiko kwangu", na huzuni husemwa "iko juu yangu". Mpaka karne ya 19 ilikuwa ikisemwa na mamilioni ya watu, hasa maskini wa magharibi. Kisha yakafuatana mambo mawili. Mwaka 1831 serikali ya Kiingereza ilianzisha shule za msingi nchi nzima, na masomo yakawa kwa Kiingereza. Na kuanzia 1845 viazi vilioza shambani mwaka baada ya mwaka. Njaa ile iliua watu kama milioni moja, na wengine milioni au zaidi wakapanda meli. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 kisiwani, ile ya 1851 ilikuta milioni 6.6. Waliokufa na waliohama walikuwa kwa wingi watu wa Kiairishi, kwa sababu wao ndio waliokuwa hawana kingine cha kula.

Waliobaki walielewa kwamba Kiingereza ndicho tiketi ya meli. Kulikuwa na kitu kilichoitwa bata scoir: kijiti kilichofungwa uzi na kuning'inizwa shingoni mwa mtoto. Kila alipoteleza akasema neno la Kiairishi, kijiti kilichongwa alama. Jioni alama zikahesabiwa, na fimbo zikafuata kwa hesabu hiyo hiyo. Kinachouma zaidi ni kwamba wazazi wenyewe walishirikiana na mwalimu kuchonga alama, wakiwa nyumbani, nao wakiongea Kiairishi hicho hicho. Kama umesoma shule ambako mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na Afrika Mashariki shule hizo hazikuwa chache, huhitaji maelezo zaidi.

Sasa rudi kwenye muziki. Mwezi Julai 1792, kabla hata ya shule hizo, waungwana wa Belfast waliwaita wapiga kinubi wa mwisho waliosalia. Walikuja kumi wa Ireland na mmoja wa Wales, wengi wao vipofu, mmoja mzee kupindukia ambaye bado alidonoa nyuzi kwa kucha ndefu kama wa kale. Wakamwajiri kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisani, aandike nota. Aliandika kwa bidii, na tunamshukuru. Lakini Bunting hakujua Kiairishi. Aliandika vidole vilichokuwa vikifanya, akayaacha maneno hewani. Miaka kumi baadaye alimtuma mtu anayeijua lugha, Patrick Lynch, akazunguka vijiji vya magharibi kuyakusanya. Lakini kitabu kilipochapwa, lahani zilivalishwa mashairi ya Kiingereza, na kazi ya Lynch ikabaki kwenye makaratasi. Wakati huo huo, kuanzia 1808, Thomas Moore wa Dublin alikuwa akizichukua lahani za namna hiyo na kuzitungia maneno matamu ya Kiingereza kwa ajili ya sebule za London. Zikapendwa mno. Siwezi kumlaumu Moore kwa ufundi wake, ila tangu hapo dunia ilizoea kwamba Ireland ni lahani ya huzuni, na maneno ni ya yeyote atakayeyaleta.

Kuna mfano mmoja ambao huwa nawapigia wanafunzi wangu. Wimbo "Siúil a Rún" ni wa msichana ambaye mpenzi wake amekwenda vitani. Beti ni za Kiingereza, kiitikio cha Kiairishi, na hapo penyewe unaona watu wakiwa katikati ya kuhama lugha: habari anaisimulia kwa lugha mpya, lakini moyo ukimjaa anarudi kwenye ya zamani. "Siúil, a rún," anasema: tembea, mpenzi wangu. Wimbo ukapanda meli kwenda Marekani. Huko, kinywa hata kinywa, kiitikio kiligeuka "shule shule shule aroo" na mengineyo yasiyo na maana yoyote, sauti za kuchezesha ulimi. Watoto waliokiimba hawakujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuagwa humo. Neno limeoza hadi likabaki ganda, na ganda likaendelea kuimbwa.

Basi nikujibu swali la kwanza. Kiairishi kilipotoka vinywani hakikutoka chote. Kingine kiliingia ndani ya Kiingereza chao na kukaa humo kama mifupa. Mwairishi akitaka kusema "nimekula sasa hivi", hata kwa Kiingereza husema, neno kwa neno, "niko baada ya kula", kwa sababu ndivyo Kiairishi kinavyosema. Washairi wa vijijini waliotunga kwa Kiingereza waliendelea kufuata kanuni ya kwao ya kulinganisha irabu ndani ya mstari badala ya vina vya mwisho, na ndiyo maana nyimbo zao za zamani zina mlio ambao Mwingereza hana. Na ipo sauti yenyewe. Msikilize Dolores O'Riordan wa bendi ya Cranberries, msichana wa kijijini karibu na Limerick, kwenye "Zombie" ya mwaka 1994, aliyoitunga baada ya bomu la Warrington, mji wa Uingereza, lililoua watoto wawili. Hakuificha lafudhi ya kwao, na sauti inavunjika kooni, inapanda na kukatika. Wanawake wa zamani wa Ireland walikuwa wakilia maiti kwa namna hiyo, kwa maombolezo waliyoyaita caoineadh. Simaanishi kwamba Dolores alijifunza darasani kuomboleza. Namaanisha kwamba wimbo ni wa roki, gitaa ni la roki, na bado ukiuweka kando ya Westlife unajua nani katoka wapi. Mwaka 2023 mashabiki wa raga wa Ireland waliufanya wimbo wao wa uwanjani kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa, na mabishano yakawa makali.

Shane MacGowan wa Pogues naye alizaliwa Kent, Uingereza, na kundi lenyewe lilianzia London mwaka 1982. Hapo mwanzo liliitwa Pogue Mahone. Wale wasiojua Kiairishi walidhani ni jina la mtu. Waliojua walikuwa wakicheka, kwani ni tusi la kumwambia mtu akubusu makalioni. Ikabidi lifupishwe. Ona lilivyotumika: lugha imekufa nusu, lakini inatosha kumtukania mkubwa mbele ya uso wake naye akatabasamu. Watu wa taarabu wanaijua raha hiyo.

Kabla sijasahau, kuna la Eurovision, mashindano ya nyimbo kati ya nchi za Ulaya, na hili hunichekesha kila nikilikumbuka. Ireland imeshinda mashindano hayo mara 7: 1970, 1980, 1987, 1992, 1993, 1994 na 1996. Katika miaka yote hiyo ya ushindi, kanuni ilikuwa kila nchi iimbe kwa lugha yake rasmi. Mfini alilazimika kuimba Kifini, Mturuki Kituruki. Ireland ina lugha rasmi mbili, na katiba yake ya 1937 inasema Kiairishi ndicho cha kwanza. Lakini ya pili ni Kiingereza, ambayo Ulaya nzima inaielewa. Wakajichagulia hiyo. Mwaka mmoja tu, 1972, walimpeleka Sandie Jones na wimbo wa Kiairishi, akashika nafasi ya 15. Kanuni ikaondolewa kuanzia 1999, kila mtu akaanza kuimba Kiingereza, na Ireland haijashinda tena. Lugha waliyochapiwa viboko ili waijue ndiyo iliyowapa makombe, hadi siku wengine walipoipata bure.

Lakini kulikuwa na familia ambayo haikuhama lugha. Kaskazini-magharibi, Donegal, kuna sehemu inaitwa Gaoth Dobhair, mojawapo ya Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani. Hapo baba mmoja alikuwa na baa, na watoto wake pamoja na wajomba zao mapacha wakaanza kupiga muziki humo. Mwaka 1970 wakaunda kundi lililokuja kuitwa Clannad, kifupi cha maneno yenye maana ya familia ya kutoka Dobhar. Mwaka 1982 waliombwa wimbo wa tamthilia ya televisheni kuhusu vita vya Ireland Kaskazini, sehemu ya kisiwa iliyobaki chini ya Uingereza. Badala ya kutunga habari za bunduki, walichukua methali ya zamani ya Kiairishi inayosema kwamba kila kilichowahi kuja kitapita, mwezi na jua pia. Wimbo ukafika nafasi ya 5 Uingereza, mwaka ambao mabomu yalikuwa yakilipuka London. Waingereza waliununua bila kuelewa neno. Dada yao mdogo, Enya, akaendelea na njia hiyo peke yake, akauza mamilioni, na katika albamu ya 2005 aliimba hata kwa lugha iliyobuniwa na mtunzi wake wa maneno.

Nawapenda Clannad. Wimbo ule ukipigwa usiku nyumba hunyamaza. Ila tuseme kweli: kwa wasikilizaji wengi Kiairishi kilikuwa ukungu. Kilikuwa kizuri kwa sababu hakieleweki. Ukitoka hapo hadi lugha ya kubuni ni hatua ndogo, na kosa si la waimbaji. Wao kwao walikuwa wakisema jambo. Msikilizaji ndiye aliyeamua kwamba hakuna linalosemwa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa Galway miezi kadhaa, na Jumamosi moja rafiki alinipeleka An Cheathrú Rua, Connemara, kwenye baa. Mimi na chupa yangu ya maji. Watu walikuwa wakipiga kelele za kawaida za baa, kisha mtu akasema kwa sauti, "Abair amhrán!" Mzee wa miaka sitini hivi, mwenye sweta la mvuvi, akakataa, akabembelezwa, akakubali. Nikamuuliza rafiki yangu kile walichomwambia. Akasema: "Sema wimbo." Si imba, sema. Kwa Kiairishi cha huko wimbo husemwa. Mzee akageuza uso pembeni, macho yamefumbwa, akaanza, bila ala hata moja. Mtindo huo huitwa sean-nós, namna ya zamani: mtu mmoja, sauti tupu, kila neno limezungushiwa nakshi na hakuna ubeti unaoimbwa sawasawa na uliotangulia. Aliyekaa jirani yake akamshika mkono, akawa anauzungusha polepole kama anayesaga kitu kwenye jiwe. Watu walimtupia maneno katikati ya mistari, "mo ghrá thú", nakupenda. Kule hawatunzi pesa kama kwenye taarabu, hutunza neno. Alipofika mstari wa mwisho hakuuimba. Aliusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai, akanywa bia yake.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini ukimwondolea mzee yule maneno hutabaki na kitu chochote. Nakshi zote hufuata neno; kama neno ni refu nakshi hurefuka, kama ni chungu sauti hukaza. Bunting angeketi pale na kalamu yake angeandika lahani, na lahani ingekuwa sahihi, na wimbo usingekuwemo.

Sasa wale vijana wako watatu. Wawili ni wa Belfast magharibi na mmoja, yule anayeficha uso kwa kofia ya sufi yenye rangi za bendera ya Ireland, ni wa Derry na alikuwa mwalimu wa Kiairishi. Jina lenyewe Kneecap linatokana na adhabu ya makundi yenye silaha ya kumpiga mtu risasi ya goti. Hawakutoka kwenye baa ya mashambani. Wametoka mjini, na mjini huko Kiairishi kina kisa chake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wazazi wachache walinunua kiwanja pembeni ya barabara ya Shaw's Road, Belfast, wakajijengea nyumba ili walee watoto kwa Kiairishi, lugha ambayo wao wenyewe walijifunza ukubwani. Mwaka 1971 wakafungua shule. Serikali haikutoa senti mpaka 1984. Shule zikazaa shule, na kizazi kilichotoka humo kikawa na kitu ambacho Dublin ilikosa kwa sehemu kubwa: vijana wa mtaani wanaogombana, kutongozana na kudanganyana kwa Kiairishi.

Linganisha na kusini. Sensa ya Jamhuri ya Ireland ya mwaka 2022 ilipata watu milioni 1.87 waliosema wanaweza Kiairishi, asilimia 40. Wanaokiongea kila siku nje ya shule walikuwa karibu 72,000. Miaka mia moja ya kukifundisha kwa lazima imetoa taifa linaloweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiairishi, na kuishia hapo. Lugha iliheshimiwa kama picha ya babu ukutani.

Kneecap waliishusha ukutani. Wimbo wao wa kwanza, "C.E.A.R.T.A." wa mwaka 2017, maana yake ni haki. Kama wanavyosimulia wenyewe, rafiki yao alikamatwa usiku akipuliza rangi neno hilo kwenye kituo cha basi, akakataa kuongea Kiingereza na polisi, akalala ndani. Redio ya taifa ya Kiairishi iliupiga marufuku, kwa sababu umejaa dawa za kulevya. Na hapo ndipo penye utamu wa kitaalamu, ingawa sikusifii dawa hizo. Kiairishi kina maneno kem kem ya mwani na ya mvua, lakini kidonge cha disko hakikuwa na jina. Wakalitunga: 3CAG, kifupi cha maneno ya Kiairishi yanayomaanisha "konsonanti tatu na irabu moja", kwa sababu ndivyo jina la kitaalamu la dawa hiyo, MDMA, linavyoandikwa. Kokeini wakaipa neno la zamani la ugoro wa kunusa. Lugha inayotungiwa misimu ya kihuni haina dalili za maiti. Wewe ni mtu wa mitaa, unajua Bongo Fleva ilivyotajirisha Kiswahili kwa njia hiyo hiyo, huku walimu tukinuna.

Siasa zao ni kali na zimewapeleka mahakamani zaidi ya mara moja. Kwa swali lako si lazima tuingie humo. Ila jua kwamba nyimbo hizo zilitoka wakati watu wa Ireland Kaskazini wakiandamana kudai sheria ya lugha. Sheria ilipatikana Desemba 2022, na pamoja na mengine ikaweka kifungu cha kufuta ile ya mwaka 1737 iliyokataza lugha yoyote isipokuwa Kiingereza mahakamani. Miaka 285.

Si kwamba lazima uimbe wimbo mzima. Mwimbaji Hozier alimalizia "De Selby (Part 1)" ya 2023 kwa ubeti wa Kiairishi bila kuomba radhi wala kutafsiri. Na Fontaines D.C., bendi iliyoundwa Dublin, walifungua albamu yao ya 2022 na wimbo wenye jina "In ár gCroíthe go deo". Kisa chake ni cha Coventry, Uingereza. Familia moja ya Kiairishi ilitaka kuandika maneno hayo kwenye kaburi la mama yao: mioyoni mwetu milele. Mwaka 2020 hakimu wa mahakama ya kanisa akakataa, isipokuwa yawekwe na tafsiri ya Kiingereza, akihofia kwamba yakiachwa peke yake watu wangeyaona kuwa ya kisiasa. Familia ikakata rufaa, ikashinda mwaka uliofuata. Wimbo wenyewe unaanza na kurudia maneno hayo tu, sauti juu ya sauti, kama watu waliosimama kaburini. Kwenye Clannad Kiairishi kilikuwa kizuri kwa sababu Mwingereza hakielewi. Hapa kilikatazwa kwa sababu hiyo hiyo.

Na usidhani ni habari ya damu. Denise Chaila alizaliwa Zambia, akahamia Ireland akiwa mdogo, akakulia huko na kuwa rapa wa Limerick. Mwaka 2020 alitoa wimbo uitwao "Anseo". Neno hilo kila aliyesoma shule ya msingi ya Ireland analijua, hata aliyesahau mengine yote: ndilo wanaloitikia mwalimu akiita majina ya mahudhurio. "Nipo." Amerapu karibu wote kwa Kiingereza, msichana mweusi ambaye nina hakika ameulizwa mara nyingi ametoka wapi hasa, na jibu lake ni neno moja la Kiairishi ambalo anayemuuliza naye alilitamka kila asubuhi akiwa na miaka mitano.

Limebaki la Kibondei. Ulitarajia niseme fuata Waairishi, lakini ulinganisho una miiba. Kibondei na Kiswahili ni ndugu. Kiairishi na Kiingereza hawafanani hata kwa sura. Na kwa bibi yako, aliyekalia kiti cha Kiingereza ni Kiswahili, lugha ninayokuandikia na ambayo mimi na wewe tunajivunia. Hakuna aliyekuvisha kijiti ili uiache lugha ya bibi. Umeiacha kwa raha, kwa sababu hii nyingine ilikuwa na redio na wasichana.

Kwa hiyo sikuambii urapu Kibondei. Ukirapu usichokielewa utakuwa unaimba "shule aroo". Fanya dogo kwanza: kaa na bibi, uweke simu mezani, umwombe nyimbo alizoimbiwa akiwa mtoto. Usikimbilie kukata lahani uipeleke kwenye biti. Chukua maneno, umuulize kila moja, umuulize wimbo uliimbwa wapi na nani alikuwepo. Na kuna jambo moja ningependa unisaidie, kwa kuwa sijui Kibondei: muulize bibi, kwa lugha yao wimbo huimbwa, au husemwa, au hufanywa nini? Kitenzi hicho niandikie.